Kulala Ndani ya Disney au Kupanga Nyumba Kissimmee: Hesabu ya Familia Yenye Watoto na Wazee

Kila Januari, baridi ya Ohio inapokuwa imetufungia ndani, kundi letu la familia la WhatsApp huamka na neno moja: Florida. Na kila Januari tunagawanyika vilevile. Kaka yangu anataka tupange nyumba kubwa Kissimmee tukae sote chini ya paa moja. Mume wangu anataka tulale kwenye hoteli za Disney zenyewe, hata ikibidi kupunguza siku. Mimi nimeshalala kote: nyumba ya kupanga mwaka juzi, hoteli mwaka jana. Maswali haya naulizwa pia na kina dada wengine hapa Columbus wanaopanga safari yao ya kwanza, basi nimeona bora niyaandike yote mahali pamoja.

Kwa asiyepafahamu, Walt Disney World si uwanja mmoja wa bembea. Ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, karibu na Orlando, na ardhi yake ni takriban kilomita za mraba 100. Ndani yake mna bustani nne za burudani: Magic Kingdom, Epcot ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Kuna bustani mbili za maji na hoteli zaidi ya 20 za Disney yenyewe. Kissimmee ni mji wa jirani, kusini mwa Orlando, wenye mitaa na mitaa ya nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wageni. Vyumba vitano, sita, na bwawa la kuogelea nyuma.

Nianze na hoja ya kaka, kwa sababu ni nzito kuliko mume wangu anavyokubali. Msafara wetu ni watu tisa: sisi na watoto wetu wawili wa miaka 5 na 2, kaka na wifi na watoto wao wa miaka 7 na 4, na mama yetu. Vyumba vingi vya hoteli za Disney vinachukua watu wanne. Mmarekani akisikia hivyo atawaza vitanda. Sisi tunawaza heshima. Mama yangu na mume wangu ni mtu na mkwewe, hawalali chumba kimoja wala hawapishani mlango wa bafu moja alfajiri, hata kwa safari ya siku tatu. Kwa hiyo ile hesabu inayosambazwa kila mahali, kwamba familia ya watu watano inabanana kwenye chumba kimoja na kuokoa pesa, kwetu haipo. Tunalipia vyumba viwili tangu siku ya kwanza, na kaka akija na familia yake ni vitatu. Hapo nyumba ya Kissimmee inashinda bila ubishi.

Halafu kuna jiko. Mwaka juzi, asubuhi ya kwanza, niliamshwa na harufu ya iliki. Mama alikuwa ameshaumua unga usiku, na watoto wanne walikuwa wamejipanga kwenye kaunta na nguo zao za kulalia wakisubiri mahamri yapoe. Hakuna kifungua kinywa cha hoteli kitakachonipa picha ile. Kwa mama anayeuliza kila nyama imechinjwa na nani, jiko ni utulivu wa moyo. Mikahawa mingi ya Disney huandaa chakula cha halali ukiomba mapema, lakini kuomba mapema kila mlo ni kazi. Tena bustani zote nne zinaruhusu kuingia na chakula chako mwenyewe, ilimradi usibebe pombe wala chupa za glasi. Tulibeba chapati za kukunja na maji, na tulikuwa tukila kivulini watu wengine wakipanga foleni ya baga.

Ila mahamri yale yalitutoa nyumbani saa tano asubuhi. Hapo ndipo gharama ya nyumba ilipoanza kuonekana, nayo haikuwa kwenye risiti.

Magic Kingdom, ambayo ndiyo watoto wadogo huililia, haina maegesho mlangoni. Ukija na gari lako unaegesha ng'ambo ya ziwa, unavuka na feri au monoreli, yaani treni ya reli moja ya juu, ndipo unafika getini. Kwenda ni raha, kila mtu ana nguvu. Shida ni saa saba mchana. Mtoto mdogo ameanza kujikunja mgongo, mkubwa analia kwa sababu ndugu yake analia, mama amekaa kwenye benchi ameshika goti lake na hasemi kitu, na mimi namjua mama, akinyamaza ameumia. Kila kitu mwilini kinadai kitanda. Lakini kitanda kiko mbali: monoreli, maegesho, kutafuta gari, kufunga viti vya watoto, barabara. Kwenda na kurudi mnapoteza mchana mzima, basi mnajikaza. Tulijikaza siku tatu mfululizo, na ndizo siku watoto waliochoka walipopigana na sisi wazazi tukajibizana mbele ya mama.

Kujikaza huko si lazima kuwe kwa mateso, nakiri. Kila bustani ina kituo cha kuhudumia watoto wachanga, chenye sehemu ya kunyonyesha, ya kubadilisha nepi na ya kupasha chakula moto, na kuna kiyoyozi. Wapo wazazi ambao watoto wao hulala fofofo kwenye kigari huku fataki zikilipuka. Wangu si hao. Na jua la Florida wakati wa kiangazi si jua la Mombasa lenye upepo wa bahari. Linakuchoma limesimama, kisha alasiri radi zinaanza karibu kila siku, michezo ya nje inasimama na mabwawa yanafungwa. Mwenye chumba karibu hulala saa hizo. Aliye mbali hujibanza dukani na kigari kilicholowa.

Pesa nayo ipigiwe hesabu kwa ukweli. Bei ya nyumba unayoiona kwenye tangazo si utakayolipa. Kuna ada ya usafi, mara nyingi kuna ada ya kupasha bwawa moto wakati wa baridi, na kodi za kaunti ya Osceola na jimbo zinafika asilimia 13.5. Kuegesha bustanini kulipanda Oktoba 2023 kutoka dola 25 hadi 30 kwa siku, wakati mgeni wa hoteli za Disney haegeshi kwa pesa. Watu tisa hawaingii gari moja la kawaida, na sheria ya Florida inataka watoto wa miaka 5 kurudi chini wawe kwenye viti vyao, kwa hiyo teksi za simu zinakuwa mtihani. Hata baada ya yote hayo, kwa watu tisa nyumba inabaki nafuu. Siwezi kumdanganya mtu. Ila pengo ni dogo kuliko kaka anavyolitangaza.

Kuna jambo moja kuhusu nyumba ambalo siliweki kwenye mizani ya pesa. Katika ile tuliyopanga, mlango wa kioo wa sebuleni ulifunguka moja kwa moja kwenye bwawa. Siku ya pili, tukiwa sote jikoni, nilisikia kitasa. Mtoto wangu mdogo alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje. Kengele ya mlango ilikuwepo, lakini ilikuwa imezimwa kabla hatujafika na hatukuikagua. Marekani hii, kuzama maji ndiko kunakoongoza kuua watoto wa mwaka 1 hadi 4, na nyumba iliyojaa watu wazima ndiyo inayodanganya, kwani kila mtu anadhani mwingine anatazama. Mabwawa makuu ya hoteli za Disney yana waokoaji. Ukipanga nyumba, jambo la kwanza kabla hamjashusha mabegi ni kujaribu kila mlango unaotazama maji na kumpa mtu mmoja kwa jina zamu ya kutazama.

Sasa upande wa hoteli. Disney wanatangaza kwamba mgeni wao huingia bustanini nusu saa kabla ya wengine, na kwamba anaweza kununua nafasi za kuruka foleni siku saba kabla, wakati wa nje ni siku tatu. Kwa vijana wanaokimbilia michezo ya kasi ni faida kubwa. Kwa anayevalisha viatu watoto wawili na kumsubiri mama amalize dawa zake, nusu saa ile ya alfajiri haina maana yoyote. Nisingelipa senti kwa ajili yake.

Ninacholipia ni ule mchana. Hoteli tatu, Contemporary, Polynesian na Grand Floridian, ziko kwenye reli ya monoreli ya Magic Kingdom, na kutoka Contemporary unafika getini kwa miguu. Nyingine nne zimeunganishwa tangu 2019 na vibanda vinavyoning'inia kwenye waya hadi Epcot na Hollywood Studios, na mle kigari cha mtoto huingia bila kukunjwa. Nyingi kati ya zilizobaki zinategemea basi au boti. Basi linakushusha karibu na geti, lakini kigari lazima kikunjwe, yaani umbebe aliyelala mkono mmoja na ukunje kwa mwingine. Anayelipa bei ya hoteli hizi aangalie kwanza usafiri ndipo aangalie picha za chumba. Lile basi la bure la kutoka uwanja wa ndege lililokuwa likisifiwa lilikomeshwa Januari 2022, msilitegemee.

Mwaka jana, sisi na mama tu, tulilala Animal Kingdom Lodge, vyumba viwili, usiku mara tatu. Kwa usafiri si chaguo bora: iko mbali na bustani zote isipokuwa Animal Kingdom, na ni basi tu. Lakini jengo lote linaongea Kiswahili. Upande mmoja unaitwa Jambo House, mwingine Kidani Village. Mikahawa ni Boma, Jiko, Sanaa na Mara, mabwawa ni Uzima na Samawati. Mama alikuwa akisoma kila kibao kwa sauti, akawaeleza wajukuu kidani ni nini kwa kuwaonyesha cha shingoni mwake. Mtoto wangu wa miaka mitano, ambaye nyumbani hujibu Kiswahili kwa Kiingereza, alitembea siku nzima akiyatamka majina yale kama aliyegundua kitu chake. Vyumba vingi vinatazama mbuga, na alfajiri, baada ya kuswali, mama alikaa kwenye roshani na mdogo mapajani. Twiga alipita chini yao, karibu kiasi cha kusikia anavyokwanyua majani. Mama amezaliwa Kenya na ana miaka 68, na twiga wake wa kwanza wa karibu namna ile alimwona Florida. Hakutaka kuondoka pale mpaka saa nne.

Nilipomwona amekaa vile nikaelewa tunakosea wapi. Wengi hununua hoteli ya ghali na juu yake tiketi za kila siku, kisha wanatoka alfajiri na kurudi usiku. Wamelipa mara mbili, na moja hawakuitumia. Tiketi ya siku moja mwaka 2025 ilikuwa kati ya dola 119 na 199, kabla ya kodi, kutegemea bustani na tarehe. Wa chini ya miaka 3 huingia bure, lakini kuanzia miaka 10 hulipa kama mtu mzima. Ukiondoa siku mbili za tiketi kwa watu wazima watano na watoto watatu, umepata sehemu kubwa ya pengo kati ya nyumba na hoteli. Siku hizo hazikosi la kufanya: monoreli na vile vibanda vya angani ni bure, fataki za Magic Kingdom zinaonekana kutoka ufukwe wa Polynesian, na mwaka 2025 wageni wa hoteli walianza kuingia bustani ya maji bila malipo siku ya kuwasili.

Familia yenye watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye miguu ya kukimbia ingefanya kinyume, na ningewaunga mkono. Hao wachukue nyumba, wanunue tiketi za siku nne, warudi usiku kulala tu.

Kwa wetu, nimependekeza njia ya katikati. Kidani Village ina nyumba za vyumba viwili vya kulala zinazochukua watu tisa, zenye mabafu matatu na jiko kamili. Ni mali ya klabu ya umiliki ya Disney, ambako watu hununua pointi za kulala kila mwaka, na wanachama hukodisha pointi zao kwa wengine, mara nyingi kwa bei ya chini kuliko ya hoteli yenyewe. Ubaya wake ni kwamba ukighairi, kwa kawaida pesa hairudi, na kwa safari yenye watoto wanaougua ghafla hilo si dogo. Nimepanga hivi: usiku mara nne, tiketi za siku mbili, mama na wajukuu chumba chenye bafu lao, mume wangu na mimi kile kingine, kaka na wifi kitanda cha sebuleni chenye bafu la tatu.

Kaka amepinga kitanda cha sebuleni, na ana haki, kwani yeye ndiye mkubwa wetu. Huenda tukawaachia chumba, sebule tuchukue sisi. Mama hakuingia kwenye ubishi huo. Ametuma ujumbe wa sauti mmoja tu, anauliza kama karai lake la kukaangia litaruhusiwa kwenye ndege.