SHA na hesabu ya mama mboga

Ukipanda matatu ya Kangemi, hapa Nairobi, asubuhi na mtu akataja SHA, bima ya afya ya taifa la Kenya, hutasikia lingine mpaka mjini. Mwenye payslipu analia makato. Mwenye mgonjwa analia kwamba mtambo wa alama za vidole umegoma na ameambiwa alipe pesa taslimu. Wote wana haki ya kulalamika. Ila shida zao si moja, na tukizichanganya tutavunja kilicho kizuri pamoja na kibovu.

Tuanze na makato. NHIF, bima ya taifa iliyotangulia SHA, iliyoanzishwa mwaka 1966, ilikuwa na kikomo: aliyepata 100,000 kwa mwezi alikatwa 1,700, na aliyepata nusu milioni vilevile 1,700. Tangu Oktoba 2024, SHA inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote. Wa nusu milioni sasa anatoa 13,750. Wa 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, anatoa 550. Mimi ni mmoja wa walioongezewa, na inauma, hasa ikija juu ya makato ya serikali ya kujenga nyumba za bei nafuu. Lakini siwezi kusema ni dhuluma. Wenye nacho kulipa zaidi ndiyo maana ya bima ya taifa.

Wapinzani wanajibu: niachieni pesa yangu ninunue bima yangu. Kwa kijana mzima wa miaka 28, hoja hiyo ina mashiko. Sasa chukua mgonjwa wa figo. SHA hulipia kila awamu ya kusafisha damu 10,650, naye anahitaji mbili kwa wiki. Wiki nne ni 85,200. Kwa mtu mmoja huyo zinahitajika pesa za watu 284 wanaotoa kiwango cha chini, shilingi 300 kwa mwezi. Bima za kibinafsi huijua hesabu hii vizuri, ndiyo maana humuuliza mtu umri na maradhi yake kabla ya kumpokea. Asipopokewa, kinachobaki ni harambee: kundi la WhatsApp, namba ya paybill, na binamu anayeomba tena wiki ijayo huku akiona haya.

Hata hivyo, serikali haiwezi kudai imani isiyoitafuta. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alihoji mfumo wa kidijitali wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, ambao serikali yenyewe haiumiliki. Mwaka huohuo hospitali kadhaa zilisimamishwa kwa madai ya udanganyifu, na zile zisizo na doa zikawa zinalia kwamba madai yao yanacheleweshwa. Hospitali isiyolipwa humrudia mgonjwa. Humwambia dawa hazipo, nenda ukanunue kwa chemisti ya ng'ambo ya barabara. Hapo mtu amelipa mara mbili, na sioni cha kumjibu akisema ameibiwa.

Lakini linaloninyima usingizi ni lingine kabisa, na hutalisikia sana redioni. Asiye na mwajiri hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 3,600. Ukigawa, hata shilingi kumi kwa siku hazifiki, na nani Nairobi hana kumi? Ila Nairobi ya mtu wa kawaida hununuliwa kwa siku: maji kwa mtungi, mafuta ya kupikia kwa kipimo, data ya shilingi ishirini. Kumtaka mtu huyo 3,600 kwa pamoja ni kumfungia mlango, kisha kumlaumu kwa kubaki nje. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole ulioletwa 2025 umeliona tatizo, lakini dawa yake ni mkopo. Kwa nini akope, wakati simu yake inaweza kupokea kumi leo na kumi kesho, na bima ikahesabu miezi aliyolipia?

Jirani yangu anauza sukuma wiki hapo stejini. Januari alikata mdomo wa chupa ya plastiki, akaifunga kwa selotepu, akaandika SHA kwa kalamu nyekundu. Kila jioni, baada ya kuhesabu mauzo, alitia sarafu. Kufikia Aprili alikuwa na 1,150. Shule zilipofunguliwa, kijana wake akarudishwa nyumbani kwa karo, naye akachukua kisu akaipasua chupa.