Msiba una siku zake, kuuguza je?

Kwa miezi minne mdogo wangu alikuwa akimwinua mama kitandani kwa kumvuta mkono wa kushoto, ule uliopooza. Alikuwa anamwinua apate kunywa uji, na mkono ndio uliokuwa karibu. Baada ya kiharusi mama hakuweza kusema vizuri. Alikuwa analia tu, na sisi tukadhani analilia hali yake. Kumbe bega lilikuwa linaachia taratibu.

Niliona kwa simu. Naishi Bremen, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Naamka saa kumi alfajiri, napanda baiskeli, na majira ya baridi nyumba ya kwanza naingia bado giza. Namgeuza mzee, namwogesha, namvalisha, naandika nilichofanya, natoka kwenda nyumba ya pili. Moja ya mambo ya mwanzo kabisa niliyofundishwa kwenye kazi hii ni kwamba mgonjwa aliyepooza upande mmoja havutwi mkono ule. Misuli inayoshikilia bega imelegea. Ukivuta, unakitoa kiungo mahali pake. Ni somo la dakika kumi. Mama yangu, kule kwetu Mabatini, Mwanza, alivutwa mkono miezi minne kwa sababu hakuna aliyempa binti yake dakika hizo kumi.

Hospitali aliyolazwa siitaji. Walimtibu, wakamwokoa, na nawashukuru. Lakini siku ya kuruhusiwa mdogo wangu alipewa karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi kliniki, na maneno mawili: "Mfanyisheni mazoezi." Mazoezi gani, ya kiungo kipi, mara ngapi kwa siku, hakuambiwa. Wauguzi walikuwa wawili na wodi imefurika hadi sakafuni, kwa hiyo sina la kuwalaumu. Tatizo ni kwamba katika utaratibu mzima anayeuguza hayupo. Yupo mgonjwa, yupo daktari, ipo dawa. Huyu atakayekaa na mgonjwa usiku na mchana kwa miaka anahesabika kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo getini.

Anayeijua Mabatini anajua nyumba zetu zilivyokaa juu ya mawe. Bajaji inaishia chini, kutoka hapo ni kupanda. Mama alipandishwa na vijana wanne wa mtaani, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, mdogo wangu nyuma amebeba mfuko wa dawa na godoro. Kiti cha magurudumu nilichotuma hela kinunuliwe kinazunguka sebuleni tu. Mama hajashuka mlima ule isipokuwa kwa kubebwa kwenda kliniki.

Na mdogo wangu alikuwa na kazi yake. Alikuwa anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Wanaoifahamu biashara hiyo wanajua inakwenda na mwezi: giza, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi, likiingia wavuvi wanatoka na taa, mzigo unashuka, mnunuzi lazima uwepo alfajiri pale pale. Alikosa giza la kwanza akimuuguza mama wodini. Akakosa la pili. La tatu, wateja wake wa Shinyanga walikuwa wameshapata mtu mwingine. Mtaji ukaishia kwenye pampasi na nauli za bajaji. Hakuna aliyekaa kikao kuamua aache biashara. Ilionekana tu kwamba ni yeye, kwa sababu ni binti na hajaolewa. Mimi, kaka yake, nilikuwa natuma pesa kila mwezi na kulala usingizi nikijua nimetimiza wajibu. Nasema hili waziwazi kwa sababu najua tuko wengi huku nje tunaolala usingizi huo.

Nyumbani watu hupenda kusema Wazungu huwatupa wazazi wao kwenye nyumba za wazee. Nilikuja na imani hiyo, na kazi yangu imeiondoa. Hesabu za mwisho wa 2023 zinaonyesha Ujerumani ina watu kama milioni 5.7 wanaohitaji kutunzwa, na katika kila 100, 86 hutunzwa nyumbani. Wengi wao hutunzwa na mke, mume, binti au mkwe, na huku pia mzigo huo huwaangukia zaidi wanawake. Upendo wa mzazi, kwa hiyo, si wetu peke yetu. Tofauti niliyoiona ni kwamba serikali yao imekubali kuwa kuuguza ni kazi, na kila kazi ina ufundi wake, na ufundi hufundishwa.

Mwaka 1995 walianzisha bima ya matunzo, mbali na bima ya matibabu. Ili waajiri wasilalamike sana, majimbo yote isipokuwa Saxony yalifuta sikukuu moja ya kidini iwe siku ya kazi. Mtu alitoa siku yake ya mapumziko kila mwaka ili jirani yake atunzwe. Leo katika kila euro 100 za mshahara, euro 3.60 huingia humo, nusu akilipa mwajiri. Mimi nisiye na mtoto nakatwa senti 60 zaidi. Kutokana na mfuko huo anayeuguza ndugu yake anafundishwa bure: namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo, kumlisha asipaliwe, kuzuia vidonda vya kulala, na namna ya kujitunza yeye mwenyewe. Akishindwa kutoka, mwalimu anaweza kumfuata nyumbani na kumfundisha kwenye kitanda kile kile cha mgonjwa wake. Mgonjwa wa daraja la tatu la uhitaji wa matunzo anayetunzwa na ndugu anapewa euro 599 kwa mwezi, ampe huyo ndugu akipenda. Anayeuguza akiugua au akihitaji kupumzika, kuna fungu la hadi euro 3,539 kwa mwaka la kumweka mtu mwingine mahali pake. Na kuna hili lililonigusa kuliko yote: ukiuguza saa kumi au zaidi kwa wiki, mfuko unaweza kukuchangia pensheni ya uzeeni, ili siku mzazi anapoondoka usibaki na miaka kumi mitupu nyuma yako.

Sisemi huku ni peponi. Euro 599 si mshahara, na fomu zake zinawashinda hata wenye lugha yao. Kuna mama mmoja ninayekwenda kwake, anamuuguza mumewe mwaka wa kumi na moja. Siku nyingi mtu pekee anayezungumza naye ni mimi, na mimi nina dakika 25. Mabatini hilo halipo. Jirani anaingia bila hodi na bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mtoto wa jirani anatumwa dukani, mzee wa chini anapanda kuja kumsomea mama habari. Hilo Bremen hawana, na hakuna bima inayoweza kulilipia.

Lakini nimekuwa nikijiuliza kuhusu mipaka ya ujirani wetu. Mama ni mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana tangu mimi niko shule ya msingi. Angefariki usiku ule wa kiharusi, kufikia asubuhi turubai lingekuwa limefungwa, viti vimepangwa, masufuria yameletwa, daftari la michango liko mezani. Hakufariki. Na kwa kuwa hakufariki, daftari halikufunguliwa. Sheria nayo inafikiri hivyo hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka siku nne za likizo yenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki, au ukifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Mzazi akiugua, hayumo. Mama yako anakupatia siku nne akishakufa. Ujerumani, ndugu wa karibu akihitaji matunzo ghafla, mfanyakazi ana siku hadi kumi kwa mwaka za kwenda kupanga mambo, na analipwa sehemu kubwa ya mshahara wake.

Nikapanga na mdogo wangu somo la kwanza kwa simu ya video, Jumapili mchana. Kwanza alimfunika mama kwa khanga mbili, toka kifuani hadi miguuni, akazichomeka vizuri, ndipo akageuza kamera. Mtoto wa kiume haoni maungo ya mama yake, hata kama hiyo ndiyo kazi anayolipwa kuifanya kwa mama za wengine. Jirani akashika upande wa pili. Nikawaambia wakunje shuka mara mbili, walipitishe chini ya mama kuanzia mabegani hadi mapajani, kila mmoja akunje ncha yake hadi karibu na mwili. Goti la upande usiopooza likunjwe. Mkono uliopooza ulazwe juu ya mto, usiachwe unaning'inia. Halafu moja, mbili, tatu, pamoja. Mama akageuka bila kulia. Mdogo wangu alibaki ameshika ncha ya shuka, akaniuliza, "Ni hivi tu?" Mtandao ukakatika hapo. Aliporudi hewani alikuwa analia.

Wataniambia Tanzania haina fedha za Ujerumani. Siombi euro 599. Shuka lile lilikuwa ndani ya nyumba. Naomba mgonjwa wa kiharusi asitoke wodini kabla atakayemuuguza hajageuza, hajalisha na hajasafisha mbele ya muuguzi, mwenyewe, kwa mikono yake. Iandikwe kwenye fomu ya kuruhusiwa kama dawa zinavyoandikwa. Mwezi Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kufikia zaidi ya 137,000 nchi nzima. Mhudumu huyo akipanda mlima wetu kumpima mama presha, amtazame na binti: mgongo wake, usingizi wake, anakula saa ngapi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023. Somo la anayeuguza liwekwe kwenye huduma zinazolipiwa. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu itafute namna ya kumfikia mwanamke ambaye hawezi kwenda kwenye kikundi kwa sababu hana wa kumwachia mgonjwa. Na kwenye zile siku nne, liongezwe neno "mzazi" upande wa kuugua.

Bega la mama halijarudi sawasawa, lakini halimuumi kama zamani. Ukutani kuna karatasi yenye saa: kulia, mgongo, kushoto, kila baada ya saa mbili. Wiki iliyopita nilimweleza mdogo wangu habari ya pensheni ya waliouguza. Akataka kujua wanaanza kuhesabu kuanzia saa ngapi za kazi. Nikamwambia kumi kwa wiki.

Akanyamaza kidogo. "Kaka," akasema, "mimi naamka kumhudumia saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu saa kumi jioni nimeshazimaliza."