Jaja alinyang'anywa kipaza sauti

Jumapili iliyopita nilitoka ibadani kabla ya baraka, na sijatubu mpaka sasa.

Ilikuwa saa ya shuhuda. Mmoja aliota gari, akapata gari. (Mungu siku hizi anayajua magari kuliko mafundi wetu.) Mwingine kapata viza. Vigelegele, kinanda juu, na mimi nikapiga makofi, siwezi kukana. Ndipo akasimama Jaja (ndivyo tunavyomwita bibi huku kwetu), jirani yangu hapa Busia, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili kama mtu anayepokea kikombe cha uji wa moto. Mjukuu wake alishikwa na malaria mwezi uliopita, ikamla damu yote, viganja vikawa vyeupe. Saa nane usiku. Kijana wa boda akawapakia bila kuuliza nauli. Hospitalini wakamkuta daktari. Damu ilikuwepo. Mtoto akaongezwa mfuko mmoja, kulipokucha akaomba chai.

"Amina, Jaja," mwongoza ibada akasema huku akikivuta kipaza sauti. "Tunamshukuru Mungu kwa madaktari! Sasa nani ana muujiza wenyewe?"

Wenyewe!

Ndugu zangu, mnaishi Uganda hii au nyingine? Boda usiku wa manane bila nauli. Daktari yuko zamu, tena macho. Na damu! Damu hiyo mnadhani inatoka wapi? Sehemu kubwa inatoka kwa wanafunzi wa sekondari. Watu wa benki ya damu wanawafuata shuleni, watoto wanapanga foleni wakitaniana nani atazirai, wanakunja mikono ya mashati, wanatoa, wanapewa soda, wanarudi darasani. Shule zikifungwa damu inaadimika, na damu nayo haiwekwi miezi kama maharage. Malaria haina likizo. Mjukuu wa Jaja aliugua shule zikiwa zimefungwa, na bado mfuko wa kundi lake la damu ulikuwa kwenye friji unamngoja. Mtoto fulani, asiyemjua, alikuwa ameshanyoosha mkono kwa ajili yake kabla hata mbu hajamuuma.

Kila Jumapili tunaimba habari za damu mpaka machozi yanatutoka. Damu yenyewe ikifika kijijini kwetu, ndani ya mfuko wenye lebo, tunaiita matibabu na kumwambia bibi wa watu akae chini.

Someni Marko 5. Yesu anamfufua binti wa Yairo, msichana wa miaka 12, halafu anafanya mambo mawili: anawakataza wasitangaze, na anaamuru apewe chakula. Chakula! Mtu ametoka mautini, na Bwana anafikiria tumbo lake. Nani alikwenda jikoni, Marko hasemi, lakini mimi nina hakika mama yule hakuona mpaka kati ya mkono ulioinua binti na bakuli lililofuata. Sisi tumeyageuza mambo yale mawili: spika zinaelekea barabarani, na chakula kila mtu ajitafutie.

Haya, nakubali, upo uponyaji ambao daktari hana maelezo yake. Watawa wawili walipona tauni Rubaga, Kampala, mwaka 1941, na Kanisa Katoliki likaukubali uponyaji huo kuwa muujiza kabla ya mashahidi wetu wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani, kutangazwa watakatifu mwaka 1964. Sina ubishi. Lakini angalieni miaka iliyopita hapo katikati! Sisi tunathibitisha kati ya wimbo na sadaka.

Kuhusu chupa za mafuta ya upako zinazouzwa mlangoni, leo nimeufunga mdomo wangu.

Ila hili silinyamazii. Mtu akishafundishwa kwamba kupona kwa dawa ni kupona kwa daraja la pili, iko siku ataziacha dawa kabatini ili apate ushuhuda unaofaa. Nimeshakwenda maziko mawili ya namna hiyo. Kwenye maziko hayo hakuna aliyeuliza muujiza wenyewe uko wapi.

Jaja hakukasirika, nimekasirika mimi kwa niaba yake. Alikuwa ameshamuuliza nesi jina la mwenye ile damu ili ampelekee kuku. Nesi akacheka, akamwambia majina hayatolewi. Basi tangu shule zifunguliwe, Jaja anakaa na kigoda chake kando ya njia kila asubuhi, na wanafunzi wa sekondari wakipita na sare zao, anawaambia wote, "Asanteni, wajukuu."

Wanaitikia, "Karibu, Jaja," wanatazamana, wanacheka, wanapita.