Nani Aliwatuma Mvisugue?

Ninyi mnaouza vitu vya zamani soko la Kibuye, nawaomba jambo moja tu: wekeni msasa chini. Mimi natafuta vile visu vidogo vya kukunja ambavyo makampuni yalikuwa yakiwapa wateja na wafanyakazi kama zawadi, vyenye nembo ya benki au kiwanda kwenye mpini. Kisumu hapa huvipati ovyo. Na kikitokea kimoja, lazima mtu akisugue kwanza.

Juzi nimeitwa: "Omera, njoo, nimekuwekea kitu safi." Safi kweli! Nembo imeliwa, imebaki herufi moja na nusu. Pale bamba linapoingia kwenye mpini, mhuri wa mtengenezaji umekwanguliwa wote. Kwa kisu cha kampuni ya Case ya Marekani, mhuri huo ndio cheti chake cha kuzaliwa: cha 1970 kina nukta 10 chini ya jina, kisha wakawa wanapunguza moja kila mwaka hadi 1979 ikabaki moja. Sasa ukishapitisha msasa hapo, mimi nihesabu nini?

Halafu bei imepanda, ati kwa sababu kinang'aa! Ukilalamika unaulizwa, "Kwani mkubwa ulikitaka na kutu?"

Ndiyo, niuzieni na kutu yake. Kitambaa na tone la mafuta ya cherehani ninavyo nyumbani. Na yule fundi wa kunoa kwa baiskeli, mpelekeeni visu vya kukatia sukuma.