Asilimia tano ya nini?

Jirani yangu anauza vitenge sokoni. Jioni moja alinijia na karatasi ya mkopo akaniomba tuisome pamoja kabla hajaweka sahihi. Mkopo shilingi 1,200,000, miezi sita, riba asilimia 5 kwa mwezi. "Dada, asilimia tano si kidogo tu?" Tukakaa barazani na kalamu.

Kila mwezi alitakiwa kurejesha 260,000, yaani 200,000 za kupunguza deni na 60,000 za riba. Mwezi wa kwanza sina neno, kwa sababu 60,000 ni asilimia 5 ya 1,200,000. Lakini nenda mwezi wa sita. Ameshapunguza milioni nzima, deni limebaki 200,000, na riba bado ni 60,000 ileile. Hapo ni asilimia 30 ya fedha aliyonayo mkononi! Riba ingepigwa kwenye deni lililobaki, ingeshuka kutoka 60,000 hadi 50,000, 40,000, mpaka 10,000 mwezi wa mwisho, jumla 210,000. Yeye angelipa 360,000. Zile 150,000 zinazozidi ni doti kadhaa za vitenge, na zote zimetoka kwenye swali ambalo hakuliuliza: asilimia tano ya nini?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba aliikumbuka kanuni ya shule. Mtaji mara kiwango mara muda, gawanya kwa mia. Aliipiga mwenyewe, akapata 360,000, akaona karatasi iko sawa. Kanuni ile ni sahihi pale tu mkopaji anapokaa na fedha yote hadi siku ya mwisho. Anayerejesha kila mwezi hakai nayo yote. Mwalimu alitufundisha kuzidisha, hatukufundishwa kuuliza deni liko wapi leo.

Ndiyo maana sikubali hisabati ya biashara ihesabiwe kuwa mambo ya wachumi na mameneja wa benki. Meneja anayepanga bei anakutana na swali hilohilo. Ukinunua kitu 8,000 ukaongeza asilimia 25, utauza 10,000. Mteja akiomba umpunguzie asilimia 25 ukakubali, umeuza 7,500, umekula mtaji wako 500, kwa kuwa asilimia ya kwanza ilitoka kwenye 8,000 na ya pili kwenye 10,000. Nimeona maduka yenye wateja tele yakifungwa kwa kosa hili.

Tanzania tunayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowataka wakopeshaji wawe na leseni. Ni jambo jema, hasa tukikumbuka mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya kunyonya, ilivyowavua kinamama vyombo vyao vya ndani. Ila leseni ya mkopeshaji haimpigii mkopaji hesabu. Mimi ningetaka kila mkataba uwe na jedwali la mwezi kwa mwezi, lenye deni lililobaki, riba yake na jumla kwa shilingi. Na jedwali hilo liingie darasani kabla mtoto hajamaliza shule ya msingi, lifundishwe kwa mfano wa duka na genge.

Jirani yangu hakuweka sahihi. Alikopa 600,000 kwenye kikoba chetu, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambako katibu huandika salio kwanza ndipo apige riba. Sasa daftari analiangalia mwenyewe kila mwezi, kidole kikiwa kwenye safu ya salio.