Gego, Koleo na Mkono Mfukoni

Usiku wa tatu gego halijanipa usingizi. Karafuu imeshindwa, maji ya chumvi yameshindwa. Nikachukua simu nisome habari za meno. Afadhali ningesoma habari za mpira.

Nikaangukia picha za wang'oa meno wa Ulaya ya kale. Kuna moja ya Theodoor Rombouts, ipo makumbusho ya Prado kule Madrid: fundi kajivisha shingoni mkufu wa meno ya watu, ndio tangazo lake la biashara. Kuna Mtakatifu Apollonia, aliyevunjwa meno kabla ya kuuawa, kule Iskandaria, karne ya 3. Wachoraji humchora kashika koleo lenye jino, uso umetulia kama mtu anayechagua samaki Marikiti. Lakini iliyonimaliza ni ya Mholanzi Lucas van Leyden, aliyoichonga kwenye shaba mwaka 1523. Mng'oa meno kavaa vizuri, vidole vyake vimo kinywani mwa maskini mmoja. Na nyuma ya maskini yule, mwanamke anauchopoa mkoba wake polepole.

Kulipokucha nikamwonyesha mke wangu. Akaitazama sana. Hakusema kitu.

Tukavuka feri, tukaenda kwa daktari mmoja mjini. Daktari hakuwa na mkufu, alhamdulillahi. Akanichoma sindano ya ganzi, mdomo ukawa si wangu tena, ulining'inia tu kama soksi iliyolowa. Akaingiza koleo. Nikafumba macho.

Ndipo nikahisi mkono mfukoni.

Wallahi ule mkono ulikuwa unaingia polepole vile vile! Karne tano zote zikanipanda kichwani. Nikaudaka, nikapiga ukelele: "Nwiji! Nwiji!"

Mtu wa Mombasa hahitaji herufi zote kulielewa neno hilo. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Akaingia bodaboda na kofia yake ya chuma kichwani, jiwe mkononi, nyuma yake mama mmoja kavua kiatu, na nyuma yao wagonjwa wote wa foleni, mmoja akiwa bado kashika shavu. Daktari kasimama katikati, koleo juu, gego langu limo ndani yake likivuja damu. Apollonia mwenyewe, ila uso wake haukutulia hata kidogo.

Nikafumbua macho, nikauangalia mkono nilioudaka. Una hina. Una pete niliyoinunua mwenyewe.

"Daktari ataka pesa yake," mke wangu akasema, "na wewe kinywa ki wazi. Ningemlipa na nini?"

Bodaboda akaliweka jiwe mezani taratibu, karibu na pamba, akauliza kama hapo wanasafisha meno pia.

Tulirudi Likoni kimya. Kwenye feri, ganzi ilipoanza kuachia, nikakumbuka kwamba mfukoni mlikuwa na elfu tatu na daktari alitaka elfu mbili na mia tano.

"Mama watoto, chenji iko wapi?"

Akaangalia maji kwa muda.

"Yule mwanamke wa kwenye picha," akasema, "alishikwa?"

"La."

"Haya basi."