Mwanamke Mhamiaji Aketipo Mbele ya Mchoraji

Mwanamke anapohamia nchi ya watu, mara nyingi picha yake ya kwanza huko huwa ni ya kitambulisho: macho mbele, midomo imefumbwa, na nyuma yake ukuta mweupe. Picha hiyo hupigwa ili atambulike, wala haikusudiwi kumfanya ajulikane. Kwa sababu hiyo ninaamini kwamba uchoraji wa sura, ambao kwa karne nyingi uliwatumikia wafalme na matajiri, unamfaa mwanamke huyu kuliko ulivyomfaa malkia yeyote.

Sijaona mchoro unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko ule ambao mchoraji mwanamke Hung Liu aliuchora mwaka 1988. Alizaliwa Changchun, China, mwaka 1948, akapelekwa kufanya kazi mashambani wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, yaani msukosuko wa kisiasa wa enzi za Mao, kisha akaingoja pasipoti kwa miaka kabla ya kufika California mwaka 1984. Katika mchoro huo aliichora kadi yake ya ukaazi, pamoja na alama ya kidole, ikajaza turubai lenye upana wa zaidi ya mita mbili. Palipostahili jina lake aliandika jina la kile kibiskuti chenye ubashiri ndani yake, kinachogawiwa katika mikahawa ya Kichina ya Marekani, na penye mwaka wa kuzaliwa akaandika 1984. Kila ninapoutazama mchoro huo, jicho langu hurudi kwenye tarakimu hizo, kwa kuwa zinasema kwamba mwanamke mzima, aliyesoma, aliyezaa na kuteseka, amehesabiwa kuwa alizaliwa siku aliyovuka mpaka.

Aliza Nisenbaum, mchoraji mzaliwa wa Mexico City, aliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2012, katika kituo cha wahamiaji mtaani Corona, Queens, jijini New York, alianza kuwafundisha wanawake Kiingereza kwa kupitia historia ya sanaa, na baadaye akawaomba wanafunzi wake awachore. Baadhi yao hawakuwa na vibali vya kuishi nchini humo. Huwachora wakiwa wameketi mbele yake, kwa saa nyingi, huku wakizungumza, na kwangu mimi saa hizo ndizo kiini cha kazi yenyewe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa; mwanamke huyu anayechorwa anacheza ugenini, akisafisha nyumba na kulea watoto wa wengine bila kutazamwa usoni, na sasa ameketi, mikono imetulia, na mtu mwingine ndiye anayefanya kazi kwa ajili yake.

Hata hivyo, sikubaliani na wachoraji wanaomchora mhamiaji akilia tu, kana kwamba machozi ndiyo pasipoti ya kuingilia jumba la makumbusho. Tena, uso wa mtu asiye na kibali si mali ya mchoraji. Mwenye uso aulizwe kwanza, na akikataa, turubai libaki tupu.

Njideka Akunyili Crosby, mchoraji aliyeondoka Nigeria mwaka 1999 akiwa kijana na kuhamia Marekani, humwonyesha mwanamke akiwa nyumbani, mara nyingi ametulia kimya, wala haombi huruma ya mtu. Ukisogea karibu unaona kwamba kuta, sakafu na hata nguo zimejaa picha ndogo ndogo alizozihamisha kutoka albamu za familia na magazeti ya Nigeria.